Sura ya Saba: Nani Atasema kwa Niaba Yako?

"Nitampata wapi mtu wa kunitafsiria?" Swali hili husikika kwenye korido za mahakama ya Nyeri, kwenye mabenchi ya wagonjwa Karatina na Embu, na kwenye maduka ya saiba ya Nanyuki na Meru, ambako watu hupiga chapa vyeti vya kwenda ng'ambo. Anayeuliza huwa na haraka: kesi ni kesho, daktari anangoja, ubalozi umerudisha karatasi. Kwa kawaida hupewa jina la jirani. Nenda kwa yule mwalimu mstaafu, huambiwa, Kiingereza anakijua barabara. Jibu hilo limetolewa kwa moyo mwema, ila linajibu swali la nani anajua lugha, na kuzunguka Mlima Kenya watu wanaojua lugha mbili au tatu wamejaa kila kijiji. Hoja ya sura hii ni kwamba ujuzi wa lugha ni sharti la kwanza tu, tena ndilo jepesi kutimizwa. Kazi iko katika kumpata mtu asiye na upande katika jambo lako, aliye tayari kuweka jina lake chini ya alichotafsiri, na ambaye mtu wa tatu anaweza kuikagua kazi yake. Ukikosa hayo, ufasaha wake unaweza hata kukudhuru, kwa sababu hakuna atakayeshuku kosa lililosemwa kwa lugha nzuri.

Kazi mbili tofauti

Mfasiri hushughulika na maandishi: cheti, mkataba, wosia, barua. Anayo saa ya kufikiri, kamusi mezani, na nafasi ya kumpa mwenzake asome kabla ya kukukabidhi. Mkalimani hushughulika na maneno ya mdomo, na hana fursa hiyo, kwa sababu neno likishatoka limetoka. Wazee wa Kikuyu humwita mũtaũri. Ukalimani nao una namna mbili. Wa kwanza ni ukalimani fuatizi, ambapo msemaji hutua, mkalimani akasema, kisha msemaji akaendelea. Huu ndio wa mahakamani, hospitalini na ofisi ya ardhi. Wa pili ni ukalimani sawia, ambapo mkalimani huongea msemaji akiwa bado anaongea, kwa kawaida akiwa ndani ya kibanda chenye vipaza sauti, kama kwenye mikutano ya Umoja wa Mataifa pale Gigiri, Nairobi. Kazi hiyo huchosha akili upesi mno, na ndiyo maana wakalimani wa mikutano hufanya wawili wawili wakipokezana kila baada ya takriban nusu saa. Akija mtu kukuambia atafanya sawia peke yake kutwa nzima katika mkutano wa chama chenu cha ushirika, ama hajawahi kuifanya ama hajali matokeo.

Mtu mmoja anaweza kuwa hodari katika kazi zote mbili, lakini wengi hawako hivyo. Aliyekufasiria cheti cha kuzaliwa vizuri sana huenda akagugumia mbele ya hakimu, na yule karani mwepesi wa ulimi huenda akaandika tafsiri isiyosomeka.

Kinachobaki ni karatasi

Tuanze mahakamani, kwa maana ndiko gharama ya ukalimani mbovu inakoonekana waziwazi. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Sheria ya utaratibu wa kesi za jinai, kifungu cha 198, inasema lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza, na ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili. Basi nyanya wa Mukurweini aliyeshuhudia wizi wa kahawa kiwandani anaweza kueleza alichokiona kwa Kikuyu, na hakuna atakayemzuia. Lakini hakimu, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiandika kwa mkono, huandika Kiingereza. Kikuyu chenyewe hupotea pale pale. Kesi ikikatiwa rufaa, majaji wa Mahakama Kuu, au wale wa Mahakama ya Rufaa wanaoketi Nyeri, hawatamsikia nyanya wala kumwona uso. Watasoma karatasi, na maneno yaliyo kwenye karatasi hiyo ni ya yule karani aliyefanya ukalimani, ingawa juu yake limeandikwa jina la nyanya.

Nyeri yenyewe ina mfano mzito. Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau waliopigana na serikali ya kikoloni, alipigwa risasi na kukamatwa tarehe 21 Oktoba 1956 pembeni mwa msitu wa Aberdare, na mwezi uliofuata kesi yake ikasikizwa mjini Nyeri mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor, akisaidiwa na washauri watatu wa mahakama, yaani raia waliokuwa wakimsaidia jaji kupima ushahidi. Shtaka lilikuwa kumiliki bastola na risasi kinyume cha sheria. Utetezi wake ulikuwa kwamba alikuwa njiani kujisalimisha. Tazama jinsi utetezi wa namna hiyo unavyokaa: unategemea nia, na nia ya mtu hujulikana hasa kwa anayoyasema mwenyewe na jinsi anavyoyasema. Maneno yaliyosemwa kwa Kikuyu katika kesi ile yalimfikia jaji yakiwa yameshakuwa Kiingereza. Kimathi alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Kumbukumbu za kesi, ambazo kwa miongo mingi hazikujulikana ziliko, zilichapishwa mwaka 2017 katika kitabu kilichohaririwa na mwanahistoria Julie MacArthur, na zimebaki kwa Kiingereza. Yeyote anayetaka leo kuamua kama mahakama ile ilimtendea haki hana njia ya kurudi nyuma ya mkalimani na kusikia Kikuyu cha mwanzo.

Mahakama zenyewe zimekiri uzito wa jambo hili. Mwaka 1973, katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliweka hatua za kufuatwa mshtakiwa anapoulizwa kama anakubali kosa. Shtaka na viini vyake vyote vielezwe kwa lugha yake au lugha anayoielewa. Jibu lake liandikwe, kadiri inavyowezekana, kwa maneno yake mwenyewe. Kisha asomewe maelezo ya tukio na apewe nafasi ya kuyapinga. Hatua hizo zingali zinatajwa na majaji wa Kenya mpaka leo. Sababu yake si ngumu kuiona. Mtu akiulizwa kama alimpiga jirani, anaweza kujibu kwamba ni kweli, akiwa na maana kwamba walipigana na yeye akajikinga. Mkalimani mzembe akikata jibu hilo katikati, mtu amekubali kosa ambalo hakulikubali, na adhabu inafuata asubuhi hiyo hiyo.

Kuna watakaosema kwamba haya ni mambo ya kale, na kwamba siku hizi Nyeri nzima inajua Kiswahili na Kiingereza. Kuna ukweli ndani yake, na mashirika mengi hufanya kazi kwa kuamini hivyo. Hata hivyo kujua Kiswahili cha sokoni si sawa na kufuata maneno ya mpasuaji anayeeleza hatari za upasuaji, au ya wakili anayeuliza swali lenye mitego miwili. Mzee wa miaka 80 aliyejifunza Kiswahili akiwa kibarua shambani hukitumia vizuri miaka yote, mpaka siku atakapoulizwa kuhusu ardhi ya babu yake. Kesi za ardhi katika nyanda hizi hurudi mara kwa mara kwenye yale wazee waliyokubaliana enzi za kugawa na kuunganisha mashamba miaka ya 1950. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu, katika shauri lililotoka Meru kati ya Isack M'Inanga Kiebia na Isaaya Theuri M'Lintari, ilithibitisha kwamba mtu anaweza kuwa na hatimiliki jina lake peke yake na bado akawa anaishika ardhi kwa niaba ya ukoo. Kuthibitisha amana ya namna hiyo kunahitaji ushahidi wa nani alikusudia nini, na ushahidi huo umo vichwani mwa wazee, kwa lugha yao.

Ufasaha peke yake haukutosha Kapenguria

Kesi ya Jomo Kenyatta na wenzake watano walioshtakiwa Kapenguria kwa kuiongoza Mau Mau, iliyoanza mwishoni mwa 1952 na kuhukumiwa tarehe 8 Aprili 1953 na hakimu Ransley Thacker, ilihitaji mkalimani wa Kikuyu. Serikali ilimteua Louis Leakey. Kwa ujuzi wa lugha, ilikuwa vigumu kumpata Mzungu wa kumpita. Alizaliwa Kabete mwaka 1903, akakua na vijana wa Kikuyu, akaingizwa katika rika lao, na miaka ya 1930 akaandika kazi kubwa juu ya mila za Wakikuyu wa kusini, ambayo ilikuja kuchapishwa 1977 baada ya kifo chake. Mtihani wowote wa lugha angeufaulu.

Hata hivyo upande wa utetezi, ukiongozwa na wakili D. N. Pritt kutoka Uingereza, ulimpinga, na kesi haikufika mwisho kabla Leakey hajajiondoa. Mwaka ule ule wa 1952 alikuwa ametoa kitabu cha kuishutumu Mau Mau, na alikuwa akiisaidia serikali kwa ushauri katika vita dhidi yake. Sasa mtu huyo huyo ndiye aliyekuwa akigeuza maneno ya mashahidi kuhusu chama hicho hicho. Si lazima tudai kwamba alipotosha neno hata moja. Inatosha kwamba washtakiwa hawakuwa na sababu ya kumwamini, na hakimu, ambaye hakujua Kikuyu, hakuwa na njia ya kumkagua. Kati ya washtakiwa wenyewe, Achieng Oneko alikuwa Mjaluo na Paul Ngei Mkamba, kwa hiyo hata kizimbani walikuwepo watu waliotegemea mdomo wa mwingine kujua kinachoshuhudiwa dhidi yao.

Leo akina Leakey wetu ni wadogo zaidi, na wako kila mahali. Ni afisa wa polisi aliyekukamata anayejitolea kukueleza taarifa uliyoandikiwa. Ni dalali wa shamba anayemsomea mjane mkataba wa mauzo wakati kamisheni yake imo ndani ya mkataba huo huo. Ni ajenti wa kazi za Ghuba anayemfafanulia msichana wa Kirinyaga kipengele cha mshahara. Kila mmoja wao anajua lugha, na huenda hata ni mwaminifu, lakini hakuna anayepaswa kuifanya kazi hiyo.

"Lakini mwanangu anasoma chuo kikuu"

Pingamizi kubwa kuliko yote hutoka nyumbani. Kwa nini nimlipe mgeni wakati binti yangu anajua Kiingereza kuliko yeye, tena ananipenda? Pingamizi hili halipaswi kudharauliwa. Jamaa anajua historia ya mgonjwa, hatoi siri nje, na yupo saa nane za usiku wakati mkalimani hayupo. Kwa mambo ya kuuliza njia, kuelewa kwa juujuu barua iliyofika, au kumwambia nesi kwamba mama ana njaa, jamaa anatosha na kuzidi.

Ugumu huanza pale jambo linapokuwa zito. Sheria ya Afya ya 2017 inataka mgonjwa aelezwe hali yake, matibabu yaliyopo na hatari zake kwa lugha anayoielewa, ili ridhaa yake iwe ridhaa kweli. Mkwe wa kiume amepeleka mama mkwe hospitalini, na daktari anataka kuuliza habari za hedhi ya zamani, mkojo na via vya uzazi. Kwa heshima ya uthoni, yaani staha ya Wakikuyu kati ya wakwe, maneno hayo hayatamkiki kinywani mwa mmoja mbele ya mwingine. Yatapunguzwa, yatazungushwa, au yatarukwa, na daktari ataandika historia ya ugonjwa yenye mashimo. Vivyo hivyo binti anayempenda mama yake anaposikia neno saratani huligeuza kuwa "uvimbe kidogo". Amefanya hivyo kwa huruma, lakini sasa mama anaridhia upasuaji ambao hajui sababu yake. Mtoto wa darasa la saba hapaswi kuwekwa katikati ya daktari na mzazi wake hata kidogo. Katika mambo haya mgeni ni bora kwa sababu hana la kuficha na hana wa kumkinga.

Na ikiwa mgonjwa au shahidi ni kiziwi, kuna kosa moja zaidi la kuepuka: kudhani kwamba jamaa anayejua ishara za nyumbani anajua Lugha ya Ishara ya Kenya. Hiyo ni lugha kamili yenye sarufi yake, na Katiba inaitaja kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Eneo hili lina shule za viziwi za Tumutumu, Kerugoya na Kaaga, ambazo ni mahali pazuri pa kuanzia kuuliza, na nchini kuna chama cha wakalimani wa lugha hiyo.

*Kwa ufupi kufikia hapa: maneno ya mkalimani ndiyo yanayobaki kuwa yako, ufasaha hauondoi upendeleo, na jamaa anafaa kwa madogo, asitumike pale penye sahihi, hukumu au kisu.*

Kikuyu cha wapi, Kimeru kipi?

Umekubali kutafuta mgeni. Sasa taja lugha yako sawasawa. Mtu wa Tigania au Igembe akiomba "mkalimani wa Kimeru" anaweza kuletewa mtu wa Imenti na wakaelewana kwa sehemu kubwa, lakini Mtharaka au Mchuka atajikuta akisaidiwa nusu. Kindia na Kigichugu cha Kirinyaga vina maneno yasiyosikika Othaya, na Kimbeere si Kiembu ingawa majirani huviweka kapu moja. Taja tarafa ulikokulia, pamoja na umri wa atakayesema. Vijana wa mjini hawazijui tena istilahi nyingi za ardhi na ndoa ambazo wazee huzitumia bila kufikiri.

Sahihi ndiyo unayonunua

Kenya imerithi mfumo wa sheria wa Kiingereza, na katika mfumo huo hakuna desturi ya mfasiri aliyeapishwa na serikali kwa maisha yake yote. Ujerumani wanayo: mahakama humwapisha mfasiri, naye hugonga muhuri. Hili sasa linagusa nyumba nyingi za Mlima Kenya, kwa sababu tangu Kenya na Ujerumani zilipotia sahihi mapatano ya ajira mjini Berlin, Septemba 2024, wauguzi na mafundi wengi wanatafuta njia ya kupeleka vyeti huko. Kabla ya kumlipa mtu, uliza ofisi itakayopokea karatasi inataka mfasiri wa namna gani. Tafsiri nzuri iliyofanywa na mtu asiyekubalika itakurudisha mwanzo, na pesa zimekwenda.

Uingereza na Marekani zina utaratibu mwepesi zaidi, na utaratibu wao unafundisha. Ofisi ya viza ya Uingereza hutaka tafsiri iwe na tamko la mfasiri kwamba ni sahihi, tarehe, jina lake kamili, sahihi yake na mahali anapopatikana. Uhamiaji wa Marekani hutaka mfasiri athibitishe kwamba tafsiri ni kamili na sahihi na kwamba yeye anaziweza lugha zote mbili. Haziulizi kwanza ana digrii gani. Zinataka kujua nani atawajibika ikiwa kuna uongo. Mfasiri anayekwepa kuandika jina lake chini ya kazi amekwambia yote unayohitaji kujua.

Alama ya pili ya mtaalamu ni kwamba anakubali kukaguliwa. Kiwango cha kimataifa cha huduma za tafsiri, ISO 17100 cha mwaka 2015, kinataka kila tafsiri isomwe na mtu wa pili akilinganisha na matini asilia. Wamisionari na wasaidizi wao Wakikuyu walilijua hilo bila kuambiwa na shirika la viwango: Agano Jipya la Kikuyu lilitoka 1926, Biblia nzima ikangoja hadi 1951, kwa sababu kila mstari ulipita mikononi mwa wengi. Hutarajii miaka 25 kwa cheti cha ndoa. Lakini mfasiri akikuambia kazi yake haihitaji jicho la pili, tafuta mwingine.

Lugha adimu: mfano wa Kiafrikana

Je, ukihitaji lugha ambayo hakuna anayeijua mjini kwenu? Chukua Kiafrikana, lugha iliyokua kutoka Kiholanzi huko Rasi ya Tumaini Jema na kufanywa rasmi Afrika Kusini mwaka 1925. Kenya iliwahi kuwa na jamii yake: Makaburu waliofika uwanda wa Uasin Gishu mwaka 1908 na kulima kandokando ya Eldoret, wengi wao wakaondoka karibu na uhuru. Leo karatasi ya Kiafrikana ikifika Nyeri, kwa kawaida inatoka Afrika Kusini yenyewe au Namibia: cheti cha kifo cha aliyefia kazini huko, wosia, ripoti ya hospitali, barua ya mfuko wa pensheni. Familia huhangaika Nyeri nzima kumtafuta mtu aliyewahi kuishi Johannesburg, na wakimpata humfanya mfasiri siku hiyo hiyo.

Hapo wanatafuta mahali pasipofaa. Lugha adimu hutafutwa inakoishi. Afrika Kusini ina lugha rasmi 12 tangu lugha yake ya ishara iongezwe mwaka 2023, na imejenga taasisi za kuzihudumia. Kuna Taasisi ya Wafasiri ya Afrika Kusini, iliyoanzishwa 1956, ambayo huwatahini wafasiri na kuwapa ithibati kwa kila jozi ya lugha na kwa kila upande. Mtu anaweza kufaulu kutoka Kiafrikana kwenda Kiingereza na asifaulu kinyume chake, kwa hiyo uliza upande unaokuhusu. Kuna wafasiri walioapishwa na Mahakama Kuu ya huko, ambao tafsiri yao huwa na sahihi na muhuri. Na tangu 2014 kuna sheria ya kuunda baraza la kusimamia watu wa taaluma hiyo. Kwa hiyo unatuma picha safi ya waraka kwa baruapepe, unalipa, unarudishiwa tafsiri yenye jina la mtu anayejulikana na mahakama yake. Ni nafuu kuliko kulipia kazi ya kubahatisha mara mbili. Tena kagua waraka wenyewe kwanza: karatasi nyingi za zamani za serikali ya Afrika Kusini zilichapishwa kwa Kiafrikana na Kiingereza sambamba, na huenda unachokitafuta kimo kwenye safu ya pili.

Njia hiyo hiyo yafaa kwa Kireno, Kiamhari au Kichina. Kwa upande wa Kenya, Chuo Kikuu cha Nairobi hufunza ukalimani na tafsiri, na Chama cha Wakalimani na Wafasiri wa Afrika Mashariki kina wanachama wa lugha mbalimbali. Umbali si kisingizio tena. Tangu 2020 mahakama za Kenya zimezoea kusikiza kesi kwa video, na mkalimani aliye Nairobi anaweza kumhudumia mtu aliye Kerugoya bila kupanda matatu.

Simu haiwezi?

Programu za simu hutafsiri kati ya Kiafrikana na Kiingereza vizuri, kwa sababu lugha hizo zina maandishi mengi ya kuzifundisha. Kwa Kimbeere au Kitharaka maandishi hayo ni machache mno. Zitumie kujua waraka unahusu nini, ili uamue kama unastahili pesa zako. Usizitumie kwa karatasi itakayokufunga, kwa sababu programu haiweki sahihi, haiapi, na haiwezi kuitwa mahakamani kuhojiwa. Fikiria pia siri: ripoti ya hospitali ikishapakiwa huko, hujui inaishia wapi.

Kuhusu bei, wafasiri hutoza kwa neno au kwa ukurasa, wakalimani kwa saa au kwa siku pamoja na nauli. Kabla ya kukubaliana, uliza haya:

- Umewahi kufanya kazi ya aina hii, kwa lugha hizi na kwa upande huu?
- Una uhusiano wowote na mtu wa upande wa pili? Hili liulizwe hata kama ni aibu.
- Utaandika jina, tarehe na sahihi, na utakuwa tayari kuja kuieleza kazi yako ikipingwa?
- Nani mwingine ataisoma?
- Kwa mkalimani: usipoelewa neno, utafanya nini? Jibu jema ni kwamba atamwomba msemaji arudie. Anayesema hilo halimtokei, mwache.

Na wewe una wajibu wako. Mpe karatasi mapema, mtajie majina ya watu na mahali yanavyoandikwa kwenye kitambulisho, na usimwombe akurekebishie ushahidi. Ukiapa kwa hati ya kiapo iliyoandikwa Kiingereza usichokijua, hakikisha imeelezwa ndani yake nani alikusomea na kwa lugha gani. Bila maelezo hayo upande wa pili una pa kushika.

Ukiwa mshtakiwa

Kifungu cha 49 cha Katiba kinampa aliyekamatwa haki ya kuelezwa sababu mara moja kwa lugha anayoielewa. Kifungu cha 50(2)(m) kinampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya kesi msaada wa mkalimani bila malipo. Kwenye mwanzo wa kumbukumbu ya kila siku hakimu huandika lugha zilizotumika, na rufaa ikija, majaji huangalia mstari huo. Lakini rufaa nyingi zenye malalamiko ya lugha zimetupwa kwa sababu mshtakiwa aliwahoji mashahidi mwanzo hadi mwisho bila kusema chochote, na majaji wakaona kwamba alikuwa akielewa. Ukiwa Nyeri, Karatina, Othaya au Nanyuki, na huelewi kinachosemwa, inua mkono kabla hujajibu shtaka, taja lugha yako, na omba iandikwe. Mkalimani akikosea, sema hapo hapo. Usimlipe karani wala askari kwa huduma hiyo, kwa maana serikali ndiyo inayoilipia.